Vipande Kumi na Saba

Kompyuta ya chama, hapa Kitangari, ilikuwa imeanza kuguna.
Unabofya jina la mkulima, unakwenda kununua maandazi,
unarudi, kiduara bado kinazunguka
kama mbuzi aliyefungwa kambani.
Mwenyekiti akasema: inunuliwe mpya.
Mweka hazina akasema: kwa hela ipi?
Basi nikabaki nayo mimi, Asumini, karani wa mizani,
Jumamosi baada ya alasiri,
na flashi niliyoazimwa na Dadi Chinduli wa duka la kudurufu,
yenye programu tatu za bure
na onyo moja: usiguse kitu kabla hujatoa nakala.

Nikatoa nakala.
Misimu sita ya korosho ikaingia ndani ya kitu
kidogo kuliko kidole gumba. Nikakifunga kwenye pindo la khanga.

Programu ya kwanza ni ufagio.
Ikazoa barua zilizokwisha kuchapwa,
picha za harusi ya watu nisiowajua
(nani alizitia humu?),
masalia ya karata za katibu aliyepita.
Ghala lililojaa hadi mlangoni halipangiki.
Wapagazi wetu wanajua: lazima ibaki sakafu ya kumwagia gunia
ndipo mkono upate kuchambua.

Ya pili iligonga diski kigae kwa kigae,
kama mnunuzi agongavyo chungu sokoni, akitega sikio.
Vitatu vilijibu vibaya.
Ikavitia alama: hapa pasiwekwe kitu tena.

Ya tatu ndiyo yenyewe.
Ikanichorea ramani, viraka vyekundu, viraka vya buluu,
mapengo meupe katikati.
Asilimia thelathini na nne, ikasema, imetawanyika.
Nikachungulia faili moja. La Bi Somoe Mchilowa.
Vipande kumi na saba.
Jina lake mwanzoni mwa diski,
kilo zake mia nne na kumi na mbili huko pembezoni,
tarehe imelala katikati ya mgao wa salfa,
na dole gumba lake, ile picha ya wino, limekatwa mara tano.
Si kwamba kitu kilipotea.
Kila msimu tulifuta, tukaandika, tukafuta,
na mashine ikachomeka kipande popote penye upenyo,
kama sisi tunavyochomeka gunia la mwisho juu ya dirisha.
Halafu tunailaumu inapohangaika huku na huku
kumkusanya mwanamke mmoja.

Nikabonyeza Anza.

Saa mbili usiku ukungu ukafika dirishani.
Krr, krr. Kimya. Krr.
Kiraka chekundu kinainuliwa,
kinashikiliwa hewani kidogo, kinawekwa kando ya mwenzake.
Bakiri mlinzi akachungulia. "Inakufa?"
"Inapanga."
"Sasa wewe unaiangalia ya nini?"
Uniti za Luku zilikuwa tisa. Saa tano, nne.
Nikazima taa ya ndani, nikazima na ya nje,
Bakiri akanung'unika gizani mpaka akachoka.

Kuna mafaili yaliyogoma. Yanatumika, hayasogei
mashine ikiwa macho.
Nikaiamuru ijizime, iwake tena,
iyapange kabla haijaamka vizuri,
kama unavyombadilisha mtoto nguo akiwa usingizini.

Alfajiri ramani ilikuwa buluu,
weupe wote umekusanyika upande mmoja,
uwanja uliofagiliwa.
Sifuri, ikasema. Uniti moja.

Jumatatu Bi Somoe akaja
na stakabadhi iliyokunjwa mara nane.
Nikabofya jina lake. Kabla sijainua kidole
alikuwepo mzima:
jina, kilo, tarehe, dole gumba na mistari yake yote,
na mwisho wa safu, pale pa malipo ya pili,
pale palipochukua dakika nne kufunguka
hata watu wakachoka wakaenda zao,
neno lile lile: Bado.

Akainama karibu na kioo.
"Mmeitengeneza?"
Tumeitengeneza, Mama.
"Naona," akasema, akiikunja stakabadhi yake.
"Siku hizi inakataa upesi."